Kungu, kata ya udhu na siku tatu bila choo

ZUHURA: Hamjambo wapenzi wasikilizaji. Leo Idi kaja na macho mekundu. Haya, sema mwenyewe.

IDI: Wiki hii sikulala, dada. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, paka wangu Kungu hajaenda choo. Mnamjua, ndiye aliyelalia waya wa maikrofoni ile Ramadhani. Anaingia kwenye karai la mchanga, anafukua, anachutama, anajikamua mpaka mkia unatetemeka, anatoka hakuna kitu. Usiku wa Jumatano akatapika povu, na chakula hakisogelei. Nikakaa naye jikoni hadi adhana ya alfajiri.

ZUHURA: Ulinipigia saa nane usiku. Nikakuuliza, anakojoa?

IDI: Na daktari wa mifugo asubuhi alianza na swali hilohilo. Paka dume akijikamua watu hudhani ni choo, kumbe pengine ni mkojo umeziba, na huo hausubiri. Siku moja, mbili, umempoteza. Bahati nzuri mchanga wake niliukuta umelowa.

ZUHURA: Alhamdulillahi.

IDI: Daktari akamminya tumbo taratibu, kisha akanishika mkono akaniwekea vidole palepale. Dada, kama shanga za tasbihi, ngumu, zimepangana! Akauliza anakula nini. Nikamwambia vichwa vya vibua na miiba yake, nyumba nzima tunamtupia. Akasema mifupa na miiba ikisagika humo ndani inakaza choo. Akamsafisha kwa maji ya uvuguvugu, akatuandikia sharubati ya laktulosi, ya kulainisha choo. Na akanionya: zile dawa za watu za kusafishia tumbo kwa nyuma, zenye fosfeti, usimtie paka kamwe. Zinaua.

ZUHURA: Basi nimeandika mambo matano ya kuwaambia wasikilizaji. La kwanza, maji.

IDI: Maji! Ngoja kwanza. Kungu hanywi bakulini. Nimemwekea bakuli la udongo, la bati, la kioo, yote anayapita. Nikikaa kutawadha, huyo, ananywa ndani ya kata yangu ya kuchotea maji.

ZUHURA: Kata ya udhu?

IDI: Ya udhu. Mke wangu ananiambia mwaga, chota mengine.

ZUHURA: Usimwage! Mweleze kisa cha Abu Qatada, sahaba wa Mtume. Mke wa mwanawe alikuwa akimtilia maji ya udhu, paka akaja, mzee akamwinamishia chombo anywe mpaka atosheke. Yule mama akabaki anamtazama. Mzee akamwambia Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani.

IDI: Nimemsimulia. Anasema Abu Qatada hakuwa analipa bili ya maji.

ZUHURA: Maskini, naye ana haki yake. Lakini Idi, paka asili yake ni paka mwitu wa nchi kame. Kiu yake ndogo, maji yake aliyapata kwenye nyama ya panya na ndege. Sasa wewe ukimpa chakula kikavu cha dukani, ambacho maji yake ni kama sehemu moja tu katika kumi, atayatoa wapi? Mwili unayanyonya kwenye choo, choo kinageuka jiwe.

IDI: Kwa hiyo kata iendelee.

ZUHURA: Iendelee! Na mchuzi wa samaki uliochemshwa bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo ni sumu kwake. Jambo la pili, maziwa.

IDI: Hapo sikufuati, dada.

ZUHURA: Bibi yangu Pangani alifuga paka tisa. Mmoja akifunga choo, kisahani cha maziwa ya uvuguvugu, jioni kishafunguka.

IDI: Kishaharisha. Paka wengi wakubwa hawaiwezi ile sukari ya maziwa. Inabaki tumboni inavuta maji, na mnyama mwenyewe kashakauka.

ZUHURA: Inavuta maji. Na hiyo laktulosi yako inafanya nini?

IDI: Inavuta maji, sikatai. Lakini imepimwa kwa uzito wa Kungu. Kisahani kimepimwa na nani?

ZUHURA: Na jicho la bibi, miaka arubaini.

IDI: Na waliokufa nani aliwahesabu?

ZUHURA: Aliwazika, Idi. Mnazini nyuma ya nyumba, na kila mmoja alimjua kwa jina.

IDI: Simsemi bibi vibaya, Mungu amrehemu. Ila maziwa Kungu hapati.

ZUHURA: Nami sitasema bibi alikosea.

IDI: Sawa.

ZUHURA: Sawa.

IDI: Fundi wa sauti ananyoosha vidole viwili. Dakika mbili.

ZUHURA: Na nina matatu hapa! Boga la kuchemsha, mafuta, kumchana manyoya…

IDI: Boga kijiko kidogo ndani ya chakula. Mafuta usimmiminie mdomoni, yakiingia kwenye mapafu ni balaa jingine. Ya manyoya tuyaache leo.

ZUHURA: Na akitapika, au siku nzima hagusi chakula, mpeleke kwa daktari. Usingoje siku tatu kama…

IDI: Kama mimi. Nimesikia, dada.

ZUHURA: Kaendelea vipi lakini?

IDI: Jana saa kumi na moja alfajiri nimemsikia anafukia mchanga. Nilitoka kitandani mbio.

ZUHURA: Na leo umetawadha kwa maji gani?

IDI: Aliyobakisha katani.