Usinunue Maikrofoni Kabla ya Kukijua Chumba: Mhadhara kwa Wanaorekodi Muziki wa Asili Nyumbani

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kufika na joto hili. Sitaeleza maikrofoni ni kitu gani. Wengi wenu mnazo, na ndizo zilizonileta hapa. Jambo hili nimelisema Majengo, nikalisema Likoni, na leo nalirudia hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa sababu bado halijaingia: mnanunua maikrofoni kabla ya kukijua chumba.

Rekodi ninazoletewa ni za aina moja. Kijana ana udi mzuri, kile chombo cha nyuzi, ana mkono mzuri, amejinyima mpaka amepata kondensa ya utando mpana, maikrofoni inayosikia kwa nguvu na kuomba umeme, ile ya kwenye picha za studio za Ulaya. Ameisimamisha sebuleni, hatua mbili kutoka kwa mpigaji, kwa sababu kwenye picha iko hivyo. Nikifungua rekodi nasikia feni. Nasikia tuktuk ikikata kona. Nasikia jirani anakaanga. Udi umo, lakini umo mbali, kama unapigwa ndani ya kisima. Halafu kijana ananiuliza: mwalimu, niongeze pesa ninunue ipi?

Usiongeze hata shilingi.

Tazameni chumba hiki tulichokaa. Kuta za mawe ya matumbawe, chokaa juu yake, dari ya boriti. Waliojenga nyumba hizi upana wa chumba walipimiwa na boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, mita 3 hivi au pungufu. Kuta mbili ngumu zikitazamana kwa mita 3, sauti ya mitetemo kama 58 kwa sekunde inajaa baina ya kuta hizo na inakawia kutoka, pamoja na ile iliyo mara mbili yake, 116. Sasa niambieni, nyuzi nene za udi ziko wapi? Ziko papo hapo. Basi noti moja ya chini inavimba, ya pili yake haivimbi, nanyi mnalaumu udi, mnalaumu nyuzi, mnakwenda kununua nyuzi nyingine.

Na wa Kisauni na Bamburi msicheke. Kwenu ni plasta ya saruji, vigae chini, mabati juu. Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ule mtetemo unaobaki hewani baada ya kofi ndio utakaokaa ndani ya kila wimbo, na hakuna kitufe cha kuutoa. Trei za mayai ukutani hazisaidii kitu. Ni nyepesi mno, besi inapita kana kwamba hazipo. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mpigaji linasaidia. Mablanketi mazito yanasaidia. Chumba cha kulala chenye kabati lililojaa nguo kinashinda sebule yoyote ya vigae, na hakikugharimu kitu.

Ukishakijua chumba, ndipo useme maikrofoni. Kwa nyumba zetu hizi, kwa mtu anayeanza, nasema dainamiki, ile isiyoomba umeme na isiyosikia kwa nguvu. Shure SM57 iko sokoni tangu 1965, na SM58 tangu 1966, na haziombi umeme wa volti 48, haziogopi joto, zikianguka unaziokota unaendelea. Ila mjihadhari, za bandia ni nyingi mno, na bei ikiwa tamu kupita kiasi jua unachouziwa.

Hapa daima anasimama mtu mmoja, na ana haki ya kusimama. Atasema: mzee, kondensa nayo ukiiweka karibu, yenye mwelekeo ule ule, itapata kelele sawa na dainamiki. Kweli kabisa. Dainamiki haina dawa ya kufukuza feni. Kinachofukuza feni ni umbali. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayotoka kwenye chombo inapanda desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki pale pale ulipokuwa. Hiyo ndiyo siri yote, na haiuzwi dukani. Lakini tabia ya watu naijua. Mwenye kondensa anaiweka mbali kwa kuwa inasikia kwa nguvu, akidhani kusikia kwa nguvu ni kusikia vizuri. Na akiisogeza, nyingi za bei ya chini zimeongezwa ukali huko juu, basi risha ikigusa uzi unasikia mkwaruzo kuliko noti. Dainamiki inamlazimisha asogee. Nataka asogee.

Ubaya wake nao nauweka wazi: sauti yake ni ndogo. Kadi ya sauti ya bei rahisi, ile inayounganisha maikrofoni na kompyuta, ukiifungua mpaka mwisho itatoa mvumo wake wenyewe, na kwa mpigaji wa mkono mwepesi utaupata mvumo ule chini ya kila noti. Kwa mtu huyo, katika chumba kilichotulia, kondensa ndogo ya utando mdogo ni sawa, nami mwenyewe nitaisimamisha.

Sasa udi, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu hapa ndipo kazi inapoharibikia.

Watu wanaona tundu kubwa, wanasema sauti inatoka humo, wanaielekeza maikrofoni tunduni. Inatoka humo besi, tena besi ya tumbo tupu, na karibu kila maikrofoni ya mwelekeo mmoja, inayosikia zaidi mbele yake, inaongeza besi ikikaribia. Mnapata bumbum. Zibeni sikio moja kwa kidole. Mpigaji apige wimbo wenyewe anaotaka kurekodi, si kujaribu nyuzi. Inama, pitisha lile sikio lililo wazi mbele ya uso wa udi, shubiri moja au mbili kutoka kwenye mbao, polepole, toka darajani, nyuzi zinapofungwa juu ya mbao, hadi shingo inapoungana na tumbo. Karibu na daraja utasikia sauti kavu, ya puani. Kwenye tundu, ule uvimbe. Kati ya tundu na shingo, mara nyingi, kuna mahali ambapo nyuzi nene na nyembamba zinakaa sawa na risha inasikika bila kukwaruza. Udi huu mahali pake hapa, udi ule vidole vinne juu. Sikio lako likisimama, maikrofoni nayo isimame hapo hapo. Waliompenda mpiga udi marehemu Zein l'Abdin wanajua ninachokitafuta: kila pigo la risha lisikike, na uzi uwe na mwili.

Akiwa anaimba na kupiga? Wengi mnakimbilia maikrofoni mbili, moja mdomoni, moja kwenye udi, halafu kila moja inasikia cha mwenzake kikichelewa kidogo, sauti zinakulana, mwimbaji anasikika amekonda. Anzeni na moja. Ikae usawa wa kifua, shubiri mbili tatu mbele. Sauti ya kinywa ikizidi, ishushe na kuielekeza chini. Udi ukizidi, ipandishe. Mizani mnaitafuta kwa kusogea. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hakukuwa na kutenga kila chombo na njia yake; walioimba na waliopiga walisikika pamoja, na anayekaa karibu na anayekaa nyuma ndio mizani yenyewe. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa asili, alipozunguka Afrika Mashariki miaka ya 1950, maikrofoni aliishika mkononi na kuipeleka kulikokuwa na sauti. Rekodi zake zinasikilizwa hadi leo, na leo kijana mwenye njia nane kwenye kompyuta anashindwa na udi mmoja kwa kuwa hajainuka kwenye kiti.

Mgongo wa maikrofoni ya mwelekeo mmoja ndio kiziwi wake. Uelekezeni dirishani, barabarani, kwenye feni ikiwa hamna budi kuiwasha. Wengi wanamketisha mpigaji mgongo wake ukiwa dirishani, na maikrofoni inatazama dirisha lile lile. Mgeuzeni mtu!

Naona saa. Nipite haraka. Nzumari, ile ya kupuliza yenye sauti kali, usiiwekee maikrofoni mdomoni pake. Kaa pembeni, mita moja, vinginevyo itakata masikio. Kayamba na pembe za vugo, ile ngoma ya harusi ya wanawake, dainamiki, na mbali kuliko mnavyodhani. Chivoti, ile filimbi, juu ya vidole, usielekeze pale pumzi inapopulizwa. Ngoma kubwa, msondo hasa, itoeni uani penye nafasi. Ndani ya chumba cha mita 3 hakuna maikrofoni itakayowaokoa.

Unyevu. Kondensa zetu hapa Mombasa zinaanza kutoa krr-krr, watu wanasema imekufa. Aghalabu ni unyevu tu umeingia kwenye utando. Isiachwe kwenye stendi usiku kucha. Ikae ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Na ukiitoa chumba chenye AC kwenda uani, iache nusu saa kwanza. Riboni, aina nyingine ya maikrofoni, sina nafasi ya kuisema, ila moja: waya mbovu pamoja na zile volti 48 unaweza kuiua, basi zima umeme huo kwanza.

Nilitaka kusema juu ya maikrofoni mbili kwa kundi zima la wanawake wa vugo, lakini hilo halisemwi kwa maneno. Aliyekuja na udi apite mbele, na wawili wenu mje mzibe sikio moja moja.