Baruapepe Uliyoipangia Muda Haijaondoka? Anza kwa Kuitafuta Ilipo

Karibuni wadau. Leo tuko Kirumba, Mwanza, na mezani nina kompyuta mbili: moja imefunguliwa Gmail, nyingine ina ile Outlook ya zamani ambayo bado naikuta maofisini hapa mjini. Tatizo mnalijua: umeandika baruapepe usiku, ukaipangia itoke asubuhi, kumekucha mteja anapiga simu anauliza bei ziko wapi.

Usikimbilie kufuta programu na kuiweka upya. Itafute barua yenyewe kwanza. Kwenye Gmail, fungua menyu ya kushoto, ingia folda iliyoandikwa Scheduled. Kama bado imo, soma saa uliyoipangia pamoja na ile AM au PM. Hapa ndipo wengi tunapopigwa. Kichwani una saa mbili asubuhi, kidole kinabonyeza 2:00. Kwa simu, saa mbili asubuhi ni 8:00 AM. Saa sita usiku wa leo ni 12:00 AM ya tarehe ya kesho. Ukiweka PM, itatoka kesho mchana watu wakiwa wanakula. Ikichelewa dakika chache tu, hiyo si hitilafu, iache.

Haimo humo? Angalia Drafts. Ukitaka kurekebisha barua iliyokwisha kupangwa, Gmail inakulazimisha kwanza usitishe kutuma, na barua inarudi kuwa rasimu. Watu wanasahihisha bei, wanafunga, wanalala. Lazima uipangie muda upya.

Sasa majira ya saa. Nenda kwenye mipangilio ya kompyuta uhakikishe iko UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki. Hasa kama umetoka Kigali: ukivuka Rusumo kwenda kule saa zinarudi nyuma moja, na kompyuta iliyobaki na saa za Kigali itatoa barua ya saa mbili wakati hapa Mwanza ni saa tatu.

Na ninyi mnaouza minofu ya sangara Ulaya, sikieni hili. Saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, zao zinasogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Barua unayoitoa saa nne asubuhi, mteja wa Uholanzi anaipata saa mbili yake wakati wa baridi. Ikifika Aprili, barua ileile anaipata saa tatu, na ataapa kwamba umechelewa. Hapo hakuna cha kutengeneza, sogeza ratiba yako tu.

Tuhamie kompyuta ya pili. Barua ya Gmail inasubiri kwenye seva za Google, yaani kompyuta zao zinazotunza na kutuma barua, kwa hiyo hata ukizima mashine itaondoka. Hii Outlook ya zamani, kama akaunti yako ni ya POP au IMAP (njia mbili za programu kuchukua barua kutoka kwenye seva), barua uliyoiwekea Delay Delivery, yaani kuchelewesha kutuma, inasubiri humu humu kwenye mashine, ndani ya Outbox. Umeme ukikatika, au ukifunga kompyuta ukapanda daladala kwenda Buhongwa, haiendi popote mpaka uifungue tena. Basi iache Outlook wazi, zuia mashine isilale, na hakikisha Work Offline (kufanya kazi bila mtandao) haijawashwa. Mimi ningeipangia kwenye Gmail nikalale zangu.

Kwa wa simu: bando likiwa limeisha, au uko kwenye meli ya Nansio mtandao umepotea, ratiba uliyoibonyeza inaweza kubaki kwenye simu bila kufika kwenye seva. Mtandao ukirudi, fungua programu uone kama barua imeingia Scheduled.

Una wasiwasi inasubiria wapi? Jipangie barua ya dakika kumi zijazo, zima kompyuta, uingojee kwenye simu.

Mwisho, kama iko Sent na saa yake ni sahihi, tatizo liko mbele. Mwombe mpokeaji, kama naye ana Gmail, aifungue kwenye kompyuta, abonyeze nukta tatu, achague Show original. Mstari wa Created at unaonyesha ilichukua muda gani kufika. Zikiwa sekunde, aitafute kwenye Spam. Yakiwa masaa, huenda seva ya kwao iliikataa kwa muda na yako ikawa inarudia kujaribu. Zipo seva zinazofanya hivyo makusudi kwa mtumaji zisiyemfahamu. Mtu wa kompyuta wa ofisini kwao ndiye wa kuliondoa.