Mchana Unafanya Kazi kwa Lugha Gani? Mwandishi wa Kiswahili Ughaibuni

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, waandishi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nilipoombwa nizungumze kuhusu kwenda kukaa nchi za nje kwa muda mrefu ili kuandika, nilijua kwamba wengi mliomo ukumbini mngependa kusikia namna ya kuipata nafasi yenyewe. Hilo nitaligusa baadaye, tena kwa ufupi, kwa sababu ugumu ninaoujua mimi huanza baada ya ndege kutua. Nimekuja na hoja moja tu: mwandishi wa Kiswahili anayehamia ugenini ajiulize kwanza kabisa atakuwa anajipatia riziki yake ya mchana kwa lugha gani, maana lugha hiyo ndiyo itakayokaa naye mezani usiku.

Watazameni Wazanzibari wawili waliopishana umri kwa mwaka mmoja. Said Ahmed Mohamed alizaliwa 1947, Abdulrazak Gurnah 1948. Gurnah aliondoka akiwa kijana wa miaka 18, katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza, akasoma huko na kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya zake zote ni za Kiingereza, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Said Ahmed Mohamed aliondoka akiwa mtu mzima aliyekwisha kufundisha na kuchapisha. Alisomea uzamivu Leipzig, akafundisha Osaka, kisha Bayreuth, na kote huko alichoajiriwa kukifanya ni Kiswahili. Ndiyo maana sishangai kwamba riwaya kama Babu Alipofufuka ya 2001 na Dunia Yao ya 2006, alizozitoa wakati maisha yake yako Ujerumani, zilichapishwa Nairobi na kusomwa na watu wa huku.

Simlaumu mmoja nikamsifu mwingine. Kijana wa miaka 18 hachagui mengi. Lakini gharama ipo, na inahesabika: Paradise, riwaya ya Gurnah inayopita katika pwani yetu na njia zetu za misafara, ilitoka 1994, na msomaji wa Kiswahili aliipata mwaka 2022 kwa jina la Peponi, ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Hiyo ni miaka 28 ya hadithi kusafiri kurudi kwao.

Mshairi wa Kenya, Abdilatif Abdalla naye, baada ya kifungo chake cha kisiasa cha 1969 hadi 1972 nchini Kenya, alihamia Dar es Salaam, na mwaka 1979 akaenda London kufanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Tangu 1995 hadi 2011 alifundisha Leipzig. Mtangazaji analazimika kila siku ya Mungu kuzitafutia Kiswahili habari za vita, za mafuta na za mabenki, tena kabla saa ya matangazo haijagonga. Sijui shule ya lugha iliyo kali kuliko hiyo.

Nakiri kwamba Euphrase Kezilahabi, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Tanzania, ananisumbua. Alisomea uzamivu Wisconsin, Marekani, na riwaya zake mbili za mwisho, Nagona na Mzingile, zilitoka kabla hajahamia Botswana katikati ya miaka ya 1990. Huko, ambako Kiswahili hakisikiki sokoni wala kituoni, aliishi miaka mingi, na diwani yake ya Dhifa ilitoka 2008, miaka 20 baada ya Karibu Ndani. Wapo watakaosema mshairi hapimwi kwa wingi wa vitabu, na wana haki. Mimi bado naona kimya kile kina uhusiano na mtaa aliokuwa akiupita kila asubuhi.

Naomba sasa niseme yangu, ambayo ni madogo. Nilikaa miaka mitatu katika mji mmoja wa mashariki mwa Ujerumani, kuanzia 2014. Mwaka wa kwanza nililipiwa niandike. Ulipokwisha, nilipata kibarua cha kuosha sinia za mikate kwenye tanuri moja, na kuanzia saa kumi alfajiri hadi adhuhuri nilikuwa nasikia na kusema Kijerumani tu. Jioni nilifungua daftari. Siku moja nikausoma ukurasa wa wiki iliyotangulia, nikakuta mhusika wangu, mama wa Kidigo asiyewahi kuvuka mpaka wa Horohoro, anasema, "Ni baridi kwangu." Hakuna mama wa Tanga asemaye hivyo. Atasema anasikia baridi. Ile sentensi ilikuwa ya Kijerumani iliyovaa kanga.

Mara nyingine nilikuwa naandika mwanamke anatengeneza tui. Mbuzi ya kukunia nazi niliiona, chicha niliiona, mikono inayokamua niliiona, ila jina la kile kifuko cha ukili kinachochujia tui lilinitoka kabisa. Nikampigia shangazi yangu Tanga. Akacheka mpaka simu ikakoroma. "Kifumbu, mwanangu! Umekwenda Ulaya ukasahau kifumbu?" Kisha, huku akiendelea kucheka, akaniambia kwamba yeye mwenyewe siku hizi hana kifumbu, anasaga nazi kwenye blenda na kuchuja kwa chujio la plastiki. Nilikata simu nikiwa na neno langu, lakini jikoni ya riwaya yangu ilikuwa imekwisha kuhamwa. Niliporudi Dar es Salaam 2017 nilikuta pia kwamba wahusika wangu bado wanabanana kwenye daladala za Barabara ya Morogoro, ilhali mabasi ya mwendokasi yalianza kupita pale tangu mwaka uliotangulia.

Kuhusu nafasi zenyewe: mpango wa kimataifa wa waandishi wa Iowa, Marekani, ulioasisiwa na Paul Engle na Hualing Nieh mwaka 1967, hukaribisha mtu kwa majuma kadhaa, ule wa Berlin wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, huchukua takriban mwaka. Anayetaka kukaa zaidi huishia kuwa mwanafunzi au mfanyakazi, na mwanafunzi anayejilipia, kwa viza ya Ujerumani, alitakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja kwa kiwango kilichowekwa Septemba 2024. Angalieni vilevile kwamba maombi mengi hutaka sampuli ya kazi kwa Kiingereza. Hapo ndipo kuhama kunapoanzia, kabla hata ya pasipoti kugongwa muhuri, kwa sababu ukurasa utakaoutafsiri vizuri zaidi ndio utakaoanza kuupenda. Andikeni kwa Kiswahili kwanza, mumpe mtu mwingine atafsiri.

Muswada wangu niliupeleka kwa mchapishaji mmoja. Mhariri, binti ambaye hajafika miaka 30, alizungushia neno "kifumbu" duara jekundu na kuandika pembeni: "Hiki ni nini?" Nimeliacha neno, ila nimelihamishia mikononi mwa bibi, na mjukuu wake ndiye anayeuliza swali la mhariri.

Nipo tayari kwa maswali yenu.