Barabara Hii Ilitengenezwa kwa Ajili ya Nani?

(Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya waendesha baiskeli, ukiwa na picha)

Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Mwenyekiti, ahsante kwa kunikaribisha.

Nilipomweleza shangazi yangu wa Tengeru kwamba Ulaya kuna watu wananunua baiskeli kwa bei ya pikipiki ili wakatafute barabara za vumbi, aliniuliza kama huko lami imewashinda. (Kicheko.) Sikuwa na jibu. Sisi tumekulia kwenye moramu na tumelilia lami miaka yote. Wenzetu lami wanayo mpaka mlango wa zizi la ng'ombe, na Jumamosi wanaikimbia.

Bonde ninalotaka kuwaonyesha linaitwa Engadin, kusini mashariki mwa Uswisi, katika jimbo la Graubünden. Jina limetokana na mto wake. Wenyeji wanaozungumza Kiromanshi wanauita En, Wajerumani wanauita Inn. Unaanzia kwenye kiziwa cha Lunghin, juu ya kijiji cha Maloja, na baada ya kilomita zipatazo 517 unaingia Danube mjini Passau, Ujerumani, maji yakaishie Bahari Nyeusi. Sehemu ya Uswisi ni kama kilomita 100 tu. Unaanza Maloja, mita 1,815 kutoka usawa wa bahari, unamalizia Martina mpakani mwa Austria, mita zipatazo 1,035. Kwa hesabu hiyo mtu anadhani atateremka tu siku nzima. Mimi nilidhani hivyo, na magoti yangu yalinisuta.

Njia karibu zote za changarawe za bonde lile hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Moja ni ya matingatinga ya kulinda tuta la mto, nyingine ya farasi, nyingine ya malori ya magogo, nyingine ya ng'ombe. Kwa hiyo ukitazama ramani, acha kwanza kuhesabu kilomita. Uliza barabara ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Ukishapata jibu, unajua mwinuko wake, unajua ukubwa wa mawe, na unajua utashuka mara ngapi kufungua geti.

Tuanze na tuta. Pale Samedan mto Flaz, unaotelemka kutoka kwenye barafu za Bernina, uliungana na Inn karibu kabisa na nyumba za watu, na mafuriko yalikuwa tishio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliuhamisha. Si kuuzibia, ni kuuhamisha mto mzima kwenye mkondo mpya. Kandokando ya mito hii miwili, kutoka Samedan kupita Bever, La Punt na Zuoz mpaka S-chanf, kuna njia za changarawe laini iliyoshindiliwa. Tambarare, maji pembeni, milima kulia na kushoto. Mtu anayeanza aende huko. Mzoefu atachoka akili kabla ya miguu.

Ila msisahau upepo. Kwenye mabonde mengi ya Alpi, mchana jua likipasha moto miteremko, upepo hupanda bonde. Engadin ya Juu, yaani sehemu ya bonde iliyo upande wa Maloja, ni kinyume: Maloja ni lango la chini mno, hewa ya bonde la jirani la Bregaglia inamwagikia humo, upepo unashuka pamoja na mto. Wanauita upepo wa Maloja, na watu wa matanga kwenye ziwa la Silvaplana wanausubiri kama wavuvi wetu wanavyosubiri kusi. Ondoka Maloja mchana, unasukumwa. Jaribu kurudi saa tisa alasiri, utakanyaga pedali huku umeinama kama unasukuma mkokoteni.

Ya farasi iko Val Roseg, juu ya Pontresina. Kilomita kama saba mpaka kwenye hoteli iliyo mbele ya barafu, unapanda mita mia mbili hivi tu. Ni mwinuko mpole, kwa sababu anayevuta gari lililojaa wageni ni farasi, na farasi hadanganyiki. Magari hayo yanapita mpaka leo. Ukikutana nalo, simama pembeni. Usipige kengele nyuma ya farasi. Hilo nalisema kwa sababu nimewahi kulifanya, na matusi ya Kiromanshi hayahitaji mkalimani.

Malori ya magogo, huku ndiko kwenye kazi. Kuanzia Susch bonde linabana, Inn anaingia makorongoni, na vijiji kama Guarda, Ardez na Ftan vimekaa juu kwenye matuta ya upande wa jua. Guarda iko mita 1,653, mto uko mbali chini yake. Ng'ambo ya pili, upande wa kivuli, ni msitu na barabara za msitu. Lori lina injini, halijali mlima, kwa hiyo zinapanda ghafla na kushuka ghafla. Tena zina mifereji iliyokatiza barabara kutoa maji ya mvua, ya mbao au ya chuma, na imewekwa mshazari. Ivuke moja kwa moja, ukiikata kwa pembe mraba. Nilivuka moja kivivu, gurudumu la mbele likadumbukia, tairi likachanika ubavuni, na kiraka hakikushika. Nilitembea mpaka stesheni nimebeba baiskeli begani. Bahati yangu reli ipo: treni imekuwa ikifika Scuol tangu 1913, na inapakia baiskeli kwa tiketi yake. Ndiyo maana mimi huteremka kwa pedali na kurudi kwa behewa, wala sioni aibu.

Sasa njia niipendayo. Kutoka Scuol unaingia bonde la Clemgia mpaka kijiji cha S-charl, mita 1,810. Huku walichimba risasi na fedha tangu zama za kati, na tanuri za kuyeyushia zilikula misitu kwa mkaa. Leo ni nyumba chache, kanisa na magofu ya mgodi. Mawe yake ni dolomiti, meupe, yenye makali. Hapa tairi lenye upana wa milimita 45 si anasa, na upepo usijaze mpaka tairi liwe jiwe. Upande mmoja unapakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa 1914. Humo baiskeli ni marufuku, na mbwa pia, hata akiwa na kamba.

Kupita S-charl unafuata njia ya malisho na kukutana na msitu unaoitwa God da Tamangur. (Kicheko.) Najua mliosoma Kiingereza mnawaza nini. Kwa Kiromanshi "god" ni msitu tu. Ni misonobari aina ya arve, mikongwe, imepinda kwa theluji, na inahesabiwa kuwa msitu wa juu kuliko yote ya aina yake barani Ulaya. Kisha unafika Costainas, njia ya kuvukia mlima, mita 2,251. Tone la mvua linaloanguka nyuma yako linakwenda Danube, linaloanguka mbele yako linakwenda mto Adige na Bahari ya Adriatiki. Mbele ni kijiji cha Lü, na mteremko.

Naona mkono. Ndiyo, dada.

(Swali: kuna wanyama wakali?)

Dubu wa mwisho Uswisi alipigwa risasi katika eneo hilihili la S-charl mwaka 1904, na 2005 mmoja alirudi akitokea Italia. Mimi sijaona hata unyayo. Anayenitisha ni ng'ombe mwenye ndama, kwa sababu wengi huachwa malishoni na ndama wao bila mchungaji, na njia inapita katikati yao. Mmasai angewasemesha. Wewe shuka, baiskeli iwe kati yako na yeye, zunguka mbali. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Na ule waya wa uzio usiushike, una umeme.