Haijafungwa Hata Moja, na Bado Imeachwa: Nawajibu Mnaouliza

Haya familia, habari za huko. Niko kwenye gari, maegesho ya kazini, zamu inaanza saa tano usiku, nina kama robo saa hivi. Mkisikia mvumo ni hita, siizimi, nje kuna barafu.

Leo nawajibu. Kila nikiweka kitu kuhusu mpira wa Kimarekani wa vyuo, komenti ni ileile: "Kaka, kwani hao hawana msimamo wa ligi? Kila Desemba mnabishana nini?" Na chini yake lazima atokee mmoja: "Huyu ameshakuwa Mmarekani, anajidai." Jamani, najidai na nini? Mimi nabeba boksi hapa Columbus, Ohio, mnajua. Na silalamiki pia, maana nikisema kumechosha mnaniambia nirudi nyumbani. Nimeulizwa, najibu.

Msimamo upo, ila iko mingi. Timu za daraja la juu zinapita 130, na kila moja inacheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi. Konferensi ichukulie kama ligi ya peke yake. Wa pwani ya magharibi na wa Florida wanaweza kumaliza msimu mzima hawajaonana. Kila mmoja anakuja na ushindi wa kwao. Nani mkali? Hapo ndipo inapokaa kamati. Watu 13, kwenye hoteli huko Grapevine, Texas, wanatazama mechi, wanapiga kura nani aingie kwenye mchujo wa ubingwa wa nchi. Chuo chako kikijadiliwa, wewe unatoka nje. Jumapili ya mwisho wanatoa hukumu, na hakuna rufaa.

Mpaka msimu wa 2023 walikuwa wanachukua timu 4 tu. Mwaka huo Florida State (majina yote haya ni ya vyuo) walicheza mechi 13, wakashinda 13, wakawa mabingwa wa konferensi yao. Wakaachwa. Mnisikilize vizuri hapo. Hawajafungwa hata moja, na wameachwa. Kisa? Jordan Travis, kwotabeki wao, yule anayeanzisha mashambulizi kwa kurusha mpira, aliumia mguu vibaya mwezi Novemba. Baada ya hapo timu ikamfunga Florida 24–15, ikamfunga Louisville 16–6, na hiyo ya Louisville alianza dogo wa mwaka wa kwanza. Kamati ikasema bila Travis hii siyo timu ileile. Nafasi ya nne akapewa Alabama, ambaye Texas alikuwa ameshamfunga 34–24 nyumbani kwake.

Hebu fikiria Yanga imalize msimu haijafungwa, halafu shirikisho liseme, "Poleni, kipa wenu ameumia, tumeona tumpeleke Simba." Hiyo nchi ingelala? Huku gavana wa Florida alipendekeza dola milioni 1 kwenye bajeti ya jimbo kwa ajili ya kesi. Dola milioni moja, ya mpira wa wanafunzi!

Najua mjuaji mmoja anaandika sasa hivi: "Mbona baada ya kuachwa, Florida State walipocheza na Georgia mechi ya kufungia msimu walipigwa 63–3?" Walipigwa, ndiyo. Lakini wachezaji wao zaidi ya 20 hawakuingia uwanjani. Ile haikuwa timu, yalikuwa mabaki. Na sisemi Alabama wabovu, maana hao ndio waliomfunga Georgia aliyekuwa ameshinda mechi 29 mfululizo. Ninachosema ni kwamba ushindi ulioupata ni wako. Mtu asikunyang'anye kwa kubashiri kwamba kesho ungefungwa.

Na hili linanigusa, acha niliseme hata kama siyo mada. Digrii yangu ya biashara nilisoma miaka mitatu, na sikurudia somo hata moja. Nikafika huku, naambiwa cheti lazima kikaguliwe kwanza na kampuni. Jina lake silitaji. Nikalipa. Wakataka transkripti, ile karatasi ya matokeo yote, itoke chuoni moja kwa moja, bahasha imefungwa na mhuri umekaa juu ya mkunjo. Dada yangu akaenda chuoni mara nne. Mara afisa ametoka, mara mhuri uko kwa bosi, mara njoo Alhamisi. Bahasha ikaja, ikakataliwa, eti mhuri umegusa upande mmoja tu wa mkunjo. Nikatuma nauli tena, nikalipia usafirishaji tena. Ya pili ikapokelewa. Majibu? Miaka mitatu ya masomo ya chuo. Siyo digrii. Wao digrii yao ni miaka minne, basi.

Sasa niambieni. Mechi zote nilizopangiwa nilishinda, halafu naambiwa ratiba yangu ilikuwa nyepesi. Ratiba nilijipangia mimi? Kwa hiyo ile Jumapili wanamuonyesha kocha wa Florida State kwenye runinga, uso umeshuka, mimi nilikuwa chumba cha mapumziko na sambusa yangu baridi, nikasema huyu baba namwelewa.

Basi, msimu wa 2024 wakaongeza, timu 12. Hapo sasa hela ndipo inapoonekana. Msimu huo, kuingia tu kwenye hizo 12, konferensi yako iliwekewa dola milioni 4. Ukifika robo fainali, 4 nyingine. Nusu fainali 6, fainali 6. Ndiyo maana mtu anabishania nafasi ya 12 kama anagombea kiwanja cha urithi.

Na nikiri kitu, kabla hamjanikamata. Timu ya hapa kwetu, Ohio State, ilifungwa mechi mbili mwaka huo. Ya pili na Michigan, 13–10, hapahapa nyumbani, na Michigan ndio mahasimu wenyewe. Vijana wa Michigan wakaenda kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikalipuka, polisi wakapuliza pilipili. Kesho yake asubuhi nilikuwa pale na mfagio, kibarua cha Jumapili. Uwanja ule unabeba watu 102,780, na kila mmoja huwa anaacha kitu. Trei za nacho zimeganda jibini, soksi za mikono zisizo na wenzake, na kati ya viti vya saruji kavu maganda ya karanga yanagoma kutoka mpaka upige magoti. Wenzangu wawili Wakongo, wanafagia kimya kama msibani. Nikawaambia, msimu umeisha. Kwa mfumo wa zamani ungekuwa umeisha kweli. Kwa huu mpya wakaingia, wakampiga Tennessee 42–17 hapahapa, na Januari 2025 wakachukua ubingwa kwa Notre Dame, 34–23.

Kwa hiyo aliyefungwa mara mbili ni bingwa, na asiyefungwa mwaka uliopita hakualikwa hata mlangoni. Mimi kofia ya Ohio State ninayo na niliivaa. Lakini haki iko wapi hapo, sijui mniambie nyie.

Na msifikiri 12 zimemaliza ugomvi. Desemba 2025 Notre Dame na Miami wote wameshinda 10, wamefungwa 2. Wiki zote za nyuma Notre Dame yuko juu, halafu orodha ya mwisho Miami anapanda, anaingia, Notre Dame anaachwa, na wikiendi hiyo hakuna kati yao aliyecheza! Notre Dame wakasusa, hata mechi ya kufungia msimu wakaikataa. Hapo mimi niko na kamati, msishangae. Agosti Miami alimfunga Notre Dame 27–24, uwanjani, watu wakiona. Kosa la kamati ni kulikumbuka hilo Desemba. Na Miami huyohuyo akaja kututoa sisi robo fainali, 24–14, akafika mpaka fainali. Kofia niliiweka kabatini wiki mbili.

Mnaouliza habari za vyeti: kama bado uko nyumbani, chukua transkripti tatu zilizofungwa na chuo, kaa nazo. Lakini hiyo ni yangu mimi. Rafiki yangu muuguzi wa Nairobi vyake vilipita bila shida. Usije ukaacha kazi kwa sababu umeniangalia mimi kwenye gari.

Bahasha ya tatu iko kwa dada, nimeambiwa kuna kampuni nyingine inahesabu tofauti. Nitawaambia. Msimamizi ameshawasha taa za mlangoni, ngoja nikachukue glavu.