Kutoka barafu ya Maine hadi mparachichi wa Walukuba

Asalaam aleikum, habari za nyumbani. Wazee wangu wa Walukuba, kule Jinja, Uganda, shikamooni. Na nyinyi wa Busia, Bombo na Arua, karibuni. Hapa Maine, Marekani, ni saa 2 asubuhi, kwenu saa 10 jioni, na mnaniona na koti ndani ya nyumba kwa sababu umeme umekatika tangu juzi usiku. Simu naichajia kwenye gari.

Ngoja nisogeze hiki mkione vizuri. Ni kijiti tu, unene wa kalamu, lakini barafu imekivisha pande zote mpaka kimekuwa kama gunzi la mahindi. Hii si theluji. Theluji ukiitikisa inapukutika. Hii ilishuka kama mvua, maji kabisa, ila ikigusa kitu chenye baridi chini ya nyuzi 0 inaganda palepale, tabaka juu ya tabaka. Mti mzima unavikwa hivi, na waya nao unavikwa. Waya unalegea, tawi linainama, vinakutana. Usiku ule nilisikia matawi yakivunjika, ta! ta!, nje kukawaka mwanga wa buluu, kisha giza.

Wenyeji wa huku mvua ya namna hii huwakumbusha Januari 1998. Kuanzia Ontario na Quebec kule Kanada mpaka hapa Maine, watu zaidi ya milioni 4 walikosa umeme, na wengine walikaa wiki kadhaa bila kupata. Katikati ya baridi hii, jamani, na watoto ndani.

Kinachoniuma ni kwamba tawi lililotukatia umeme lilikuwa linajulikana. Mwezi wa 9 wapogoaji walipita mtaani na gari lao lenye mkono mrefu na kikapu, wakaanza kwa kuacha karatasi mlangoni, kisha wakapogoa. Nyumba moja ilikataa, ikipenda kivuli chake. Tawi limetoka hapo, na mtaa mzima uko gizani.

Nilisimama siku ile kuwatazama wakifanya kazi, na hapa ndipo naomba mnisikilize sana. Hawakukata kichwa cha mti. Sisi nyumbani mti ukifika kwenye waya tunaufyeka juu wote, ubaki kisiki kirefu. Unachipua haraka, vijiti vingi, vimeshikilia kwenye gome tu, na baada ya miaka michache vinarudi kwenye waya vikiwa dhaifu kuliko matawi ya kwanza. Wao wanachagua tawi linaloelekea kwenye waya, wanalifuata mpaka linapotokea, wanaliondoa hapo, na kuacha yale yanayoelekea kwingine. Mti unafundishwa kukua upande wa pili. Na pale tawi linaposhikana na shina pana uvimbe kama pete. Wanakata nje kidogo ya pete hiyo, kwa sababu ndiyo inayofunga kidonda. Ukiikata, shina linaoza kwa ndani, na mti uliooza ndio upepo unaoutafuta. Tawi zito wanalichanja kwanza kwa chini, ndipo walikate kwa juu, lisije likachuna gome likianguka.

Mtasema, sisi hatuna barafu. Kweli. Lakini 14 Agosti 2003, kwenye joto, nyaya za Ohio zililegea zikagusa miti ambayo haikupogolewa, na hitilafu ikasambaa mpaka watu kama milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme. Mti haungoji baridi.

Na sisi wa Jinja tunalijua hili. Bwawa la Nalubaale liko pale tangu 1954, umeme unazaliwa mbele ya macho yetu, lakini dhoruba moja ya Aprili ikiinamisha kalitunsi, yaani mkaratusi, mtaa mzima unawasha mishumaa. Sasa hivi kwenu ni kiangazi, mvua za Machi bado. Huu ndio wakati. Wapigieni UEDCL, shirika la kusambaza umeme, waje kuangalia, hasa ule mti mkavu ulio mbali kidogo na njia ya umeme lakini mrefu wa kutosha kuangukia waya. Watu wengi wanausahau huo. Na mkipanda miti mipya chini ya waya, pandeni mipera au michungwa, si kalitunsi wala mwembe.

Tafadhalini, msimtume kijana na panga. Waya wa juu hauna ngozi, ule mkubwa unabeba volti 11,000 au 33,000, na tawi bichi linapitisha umeme mpaka kwenye mkono ulioshika panga. Waya ukiwa chini, hata kama umetulia kimya, kaeni mbali, zuieni watoto na mbuzi, pigeni simu.

Mama, najua unatazama. Ule mparachichi wa nyuma ya jiko, tawi la upande wa barabara, nililiona kwenye picha za Idi, lilikuwa limebakiza kama mkono mmoja kuufikia waya. Usimruhusu mtu yeyote aupande. Kesho saa kama hii nitakupigia, tuwapigie pamoja.