Ndugu Aliyemeza Mkia Wake: Mhadhara Kuhusu Asili ya Wanyama Wenye Mgongo

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliokuja jioni hii, karibuni. Nimeombwa nizungumzie asili ya wanyama wenye uti wa mgongo, nami nitaanza na swali. Ni siku za bamvua, maji yametoka, umeshuka mwambani. Mbele yako kuna pweza na kiti cha pweza. Yupi kati yao ana undugu wa karibu zaidi na wewe?

Nasikia "pweza", na hamkosi sababu. Pweza ana macho yanayokutazama, ana ubongo, ana hila. Kiti cha pweza hana kichwa, hana mbele wala nyuma, na mdomo wake uko chini. Lakini jibu ni kiti cha pweza. Yeye na jongoo bahari wako upande wetu wa ukoo. Pweza yuko upande wa pili, pamoja na chaza, konokono, nyungunyungu na nzi. Pande hizo mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Mtu wa kwanza kulishuku hilo hakumtazama mnyama mzima, alitazama kiinitete. Yai likishagawanyika na kuwa tufe la seli, mahali pamoja hubonyea ndani na kufanya tundu. Kwetu sisi na kwa kiti cha pweza, upande wa tundu hilo ndio unaokuja kuwa na mkundu, na mdomo hutoboka baadaye kwingine. DNA ilipokuja kusomwa, ilikubali mgawanyo huo.

Basi nataka tushike jambo moja. Umbo la mnyama mzima ni shahidi asiyeaminika katika kesi ya ukoo. Na kuna kosa la pili linalotoka humohumo, nalo naliona hata kwenye vitabu vya shule: kudhani kwamba mnyama mwenye umbo sahili lazima awe wa kale, kwamba amebaki vile mababu walivyokuwa.

Shahidi wangu ni mnyama ambaye wengi wenu mmemwona bila kumjua. Wataalamu humwita asidia. Huota kwenye nguzo za gati, kwenye kamba za maboya, na chini ya mashua iliyokaa sana majini. Ni kifuko kinachoteleza chenye matundu mawili: moja huingiza maji, jingine huyatoa. Ukimbonyeza, anakurushia maji usoni. Hana kichwa, hahami, kutwa anachuja chembe za chakula. Moyo wake husukuma damu upande mmoja, ukasimama kidogo, kisha ukaisukuma upande wa pili. Sijui mnyama mwingine jirani yetu mwenye tabia hiyo. Gamba lake lina selulosi, ile dutu ya kuta za mimea, na jeni ya kuitengenezea mababu zake waliipata kwa bakteria. Kwa karne nyingi aliwekwa kundi moja na chaza na konokono. Ukimtazama, huwezi kuwalaumu waliomweka huko.

Mwaka 1866 kijana wa Kirusi, Alexander Kowalevsky, aliyekuwa amefanya kazi Naples huko Italia, alichapisha maelezo ya namna yai la asidia linavyokua. Aliona kiluwiluwi chenye mkia. Ndani ya mkia mlikuwa na ufito wa seli, na juu ya ufito huo, upande wa mgongoni, mrija wa neva uliotokana na bapa la seli kujikunja. Mtu aliyekwisha kuona kiinitete cha kuku au cha samaki angeshtuka, maana mpangilio ni huohuo. Ufito ule unaitwa notokodi. Kila mmoja wenu aliwahi kuwa nao tumboni mwa mama yake, na mabaki yake yamo hadi leo katika kiini laini cha diski zinazotenganisha pingili za mgongo wenu.

Darwin aliipokea habari hiyo kwa mikono miwili na kuitumia mwaka 1871 alipoandika kuhusu asili ya binadamu. Lakini Karl Ernst von Baer, mzee aliyegundua yai la mamalia, aliandika kupinga mwaka 1873. Aliona haiwezekani kifuko kile kiwe jamaa wa farasi. Alishindwa, ila namwelewa.

Hebu tumtazame kiluwiluwi huyu kwa karibu, maana hapa ndipo penye utamu. Chukua Ciona, asidia anayetumiwa sana maabara. Kiluwiluwi chake kina seli zipatazo 2,600 tu. Notokodi ina seli 40 kamili, si 39 wala 41. Misuli ya mkia ina seli 36. Seli zile 40 huanza zikiwa bapa, kisha hupenyezana, kama watu wa safu kadhaa wanavyoingiliana hadi wakawa foleni moja, na kwa kupenyezana huko mkia unarefuka. Saa kumi na nane hivi baada ya yai kurutubishwa, kiluwiluwi kinaanguliwa na kuogelea. Chumba cha ubongo wake kina kitu cha kuhisi mwanga na chembe nyeusi ya kumwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Mwaka 2016 watafiti walimaliza kuchora ramani ya mfumo wake mkuu wa neva, wakahesabu seli za neva 177.

Hali chakula, ametumwa kutafuta mahali tu. Akipapata, hubandika kichwa chake mwambani kwa gundi, na kazi ya kujibomoa inaanza. Mkia unavutwa ndani ya mwili na kumezwa, notokodi na misuli pamoja. Sehemu kubwa ya ubongo inavunjwa. Kinachobaki kinajigeuza kuwa kifuko. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hawakuwahi kukutana na asidia.

Kiinitete hicho kilikuja kuwa kipenzi cha maabara, kwa sababu hatima ya seli zake inafuatika moja moja. Mwaka 1905 Edwin Conklin, huko Woods Hole katika jimbo la Massachusetts, alieleza asidia ambaye yai lake lina rangi ya manjano iliyojikusanya upande mmoja kama mwezi mwandamo. Alifuata manjano hiyo kutoka seli hadi seli, na seli zilizoirithi ndizo zilizokuwa misuli. Karibu karne nzima ilipita kabla ya Wajapani wawili, Nishida na Sawada, kuonyesha mwaka 2001 kilichokuwa kinafanya kazi hiyo: ujumbe wa jeni ambao mama ameuweka ndani ya yai kabla hata ya mbegu ya kiume kufika.

Sasa, kiluwiluwi chenye mgongo, mzima asiye nao. Nani alitangulia? Walter Garstang, Mwingereza ambaye pia alitunga mashairi kuhusu viluwiluwi, alitoa jibu zuri sana mwaka 1928. Alisema babu yetu alikuwa mnyama wa kukaa chini, na kwamba wakati fulani kiluwiluwi kilikataa kukua: kilipata uwezo wa kuzaa kikiwa bado kinaogelea, na uzao wake ndio samaki, vyura, ndege na sisi. Ni wazo linalovutia, na nadhani limedumu kwa sababu ya uzuri wake zaidi ya ushahidi wake.

Lilipata pigo mwaka 2006. Mtafiti Delsuc na wenzake walilinganisha jeni 146 wakakuta kwamba jamaa wa karibu kabisa wa wanyama wenye uti wa mgongo ni jamii ya asidia. Wengi walitarajia nafasi hiyo iwe ya amfioksi, kile kinyama chembamba cha mchangani kinachofanana na samaki asiye na kichwa, ambacho mwaka 1774 mtaalamu wa viumbe Pallas alikielezea kama konokono asiye na gamba. Amfioksi anaogelea na notokodi yake maisha yote. Ikiwa yeye ndiye aliyetengana nasi mapema zaidi, basi mtu mzima anayeogelea ni jambo la kale, na asidia ndiye aliyeacha desturi ya ukoo akaenda kukaa chini. Aliiacha zamani sana: mwaka 2023 kilitangazwa kisukuku kutoka Utah, Marekani, cha miaka ipatayo milioni 500, chenye matundu mawili kama ya asidia wa leo.

Jenomu ya asidia, yaani DNA yake yote, inaonyesha kuacha hukohuko. Jeni za Hox, zinazopanga mwili kutoka kichwani hadi mkiani, kwa amfioksi ziko katika mstari mmoja. Kwetu mistari ni minne, kwa kuwa jenomu ya mababu zetu ilirudufiwa nzima mara mbili. Kwa Ciona mstari umekatika na baadhi ya jeni hazipo kabisa. Usahili wake ni wa mtu aliyeuza vyombo vya nyumbani.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa kupoteza uko Roscoff, pwani ya Brittany, Ufaransa. Mchangani huko wanaishi asidia wawili wa jamii ya Molgula. Oculata ana kiluwiluwi cha kawaida chenye mkia. Occulta, ndugu yake wa karibu, kiluwiluwi chake hakina mkia: seli 20 za notokodi hutokea, lakini zinabaki fungu bila kujipanga. Watafiti Billie Swalla na William Jeffery walichukua mayai ya yule asiye na mkia wakayarutubisha kwa mbegu za mwenye mkia. Machotara wakaota mkia! Mfupi, wenye seli zilezile 20, ila safari hii zilijipanga. Mwaka 1996 walieleza jeni inayohusika na wakaiita Manx, kwa ajili ya paka wasio na mkia wa Kisiwa cha Man. Walipoizima ndani ya machotara, mkia ukapotea tena. Maana yake occulta bado amehifadhi sehemu kubwa ya mtambo wa mkia, amepoteza swichi. Na katika jamii hiyo mkia umepotea zaidi ya mara moja.

Notokodi yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1927, Paris, Nadine Dobrovolskaya-Zavadskaya alieleza panya wenye mkia mfupi. Panya aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja alipata mkia mfupi. Aliyeirithi kutoka kwa wote wawili alikufa akiwa kiinitete. Jeni hiyo, Brachyury, ilitambuliwa mwaka 1990, na mwaka 1993 Yasuo na Satoh wa Japani walionyesha kwamba katika asidia inawaka ndani ya seli za notokodi peke yake. Mtu angesema tumeipata jeni iliyozaliwa pamoja na mgongo. Sivyo. Ptychodera, mnyoo wa mchangani anayepatikana kuanzia Bahari ya Hindi hadi Hawaii, jamaa wa kiti cha pweza, hana notokodi lakini jeni hiyo anayo, na huitumia kwenye lile tundu la kwanza la kiinitete na mdomoni. Hata haidra, kinyama sahili cha majini kilicho mbali nasi kiukoo, anayo. Jeni ni kongwe sana. Ilichofanya kwa mababu zetu ni kupewa kazi mpya mgongoni.

Minyoo ya jamii hiyo imesaidia pia kesi nyingine, ile ya juu na chini ya mwili. Mwaka 1822 Mfaransa mtaalamu wa wanyama, Geoffroy Saint-Hilaire, alimgeuza kamba koche chali akasema: tazameni, sasa neva ziko juu na utumbo chini, kama sisi. Alichekwa, na mwaka 1830 mtaalamu mwenzake, Cuvier, alimbana hadharani mbele ya Akademia ya Paris. Miaka ya 1990 ikaonekana kwamba protini mbili zinazogawa mgongo na tumbo, BMP na kodini, zimepinduana kati ya nzi na chura: kodini iko tumboni kwa nzi, mgongoni kwa chura, na kote iko upande wa neva. Kisha mtafiti Chris Lowe na wenzake wakamchunguza Saccoglossus, jamaa wa Ptychodera, mnyoo aliyepewa jina la Kowalevsky. Mwaka 2006 walionyesha kwamba BMP iko juu na kodini chini, sawasawa na nzi, ila neva zimetapakaa ngozi nzima na kuzidisha BMP hakuzifuti. Kwa hiyo kipimo cha juu na chini kinaweza kufanya kazi bila kukusanya neva mahali pamoja. Mimi naegemea kwamba kupinduka kulitokea kwenye ukoo wetu, baada ya kuachana na minyoo hii. Wapo wenzangu wanaobisha kuhusu neva za babu wa pamoja, na ubishi wao una hoja.

Nimalizie na mkia wetu. Nyani wanao, sokwe, gorila na sisi hatuna. Mwaka 2024 kikundi cha watafiti kilichapisha maelezo yenye nguvu. Miaka ipatayo milioni 25 iliyopita, kipande cha DNA kinachojinakili na kujipachika kiliingia ndani ya Brachyury yetu. Hakikuiharibu. Kiliifanya isomwe wakati mwingine kwa kurukwa sehemu moja. Panya waliotengenezwa wawe na usomaji huo walizaliwa na mikia mifupi, au bila mkia kabisa. Baadhi yao mrija wa neva haukufunga, hali inayofanana na ile tunayoiita mgongo wazi kwa watoto wetu. Watafiti hao wanadhani huenda kasoro hiyo ni gharama iliyokuja pamoja na kupotea kwa mkia, na kwamba ukoo wetu bado unailipa. Kwa panya imeonekana. Kwa binadamu ingali dhana.

Ahsanteni. Nadhani kuna mkono umeinuliwa huko nyuma tangu nilipomtaja pweza. Tuanze na wewe.